Siku Dalali Nunow Alipotoa Ushahidi

Babangu hajawahi kujibu swali mara ya kwanza anapoulizwa. Ukimuuliza ni saa ngapi, atakuuliza wewe unaonaje, kisha mtavutana mpaka mkutane katikati, na kufikia hapo adhuhuri imepita na wewe hujaswali. Marehemu mama alikuwa akitusimulia kwamba siku ya nikahi yao, shehe alipomuuliza bwana harusi kama amekubali, bwana harusi alimtazama shehe usoni akasema, "Kwani wao wamesemaje?" Wajomba wa mama walikuwa wametoka Habaswein na safari ilikuwa imewachosha. Kidogo tu wamchukue binti yao warudi naye kwenye lori lililowaleta.

Si jeuri, ni kazi iliyomharibu. Babangu, Nunow, ni dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Garissa, na dalali wa ngamia kwetu hatamki bei. Husimama kati ya mwenye mnyama na mnunuzi, akatupa kitambaa chake cha begani juu ya mikono, na huko chini ya kitambaa vidole ndivyo vinavyozungumza. Ukishika kidole kizima ni hesabu moja, ukishika kiungo cha kidole ni nyingine, ukibonyeza kiganja unamwambia mwenzako aache mchezo. Waliozunguka hawaoni kitu ila nyuso, na uso wa Aabo, ndivyo tunavyomwita baba, hausemi lolote. Anaweza kupewa bei ya kumjengea nyumba akakunja uso kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Mimi ni Fosia, binti yake mkubwa. Nauza vitambaa na mabuibui mjini, na mtu akiniuliza bei namtajia bei. Aabo huniambia biashara yangu haina adabu. Mimi humwambia kwamba angekuwa daktari, wagonjwa wake wangekufa wakisubiri kuambiwa wanaumwa nini. Kuna watu wanaomwita mwongo, na hao nagombana nao, kwa sababu si mwongo. Ni kwamba ukweli kwake ni kitu cha mwisho, hukifikii kabla ya chai ya pili.

Sasa mtu wa namna hii ndiye aliyejikuta shahidi, tena wa kesi ya mauaji, na wa mtoto wa dada yake.

Ilikuwa mwaka juzi, baada ya alasiri, kwenye kiwanja cha Galbet. Vijana wa mitaa miwili walikuwa wanacheza fainali ya kombe waliloliandaa wenyewe, na kombe lenyewe lilikuwa birika jipya la chai. Magoli ya pale yana miti miwili ya kusimama. Mti wa kulala juu hakuna. Mpira ukapigwa, ukapita katikati ya miti, lakini juu sana. Timu nyekundu wakasema ni goli. Timu ya buluu wakasema lingekuwa goli kama golikipa wao angekuwa twiga. Refa alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu mpole, akasema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Siwezi kucheka nikifika hapa, kwa hiyo nitasema haraka. Mawe yalirushwa, vumbi likapanda, na lilipotua Mahat alikuwa chini. Mahat alikuwa mchezaji wa timu nyekundu, mwana wa Sagal muuza maziwa ya ngamia, kijana aliyekuwa akinibebea marobota ya vitambaa kutoka kwenye basi bila kuitwa, na ukimpa soda anakataa. Jiwe lilimpiga nyuma ya sikio. Hakufika hospitali. Nilimlilia kama wa tumbo langu, na mpaka leo robota likishushwa huwa nageuka kumtafuta.

Polisi walipofika walimkuta Guled amempakata Mahat, jezi yake imelowa damu. Guled ndiye aliyekuwa golikipa wa timu ya buluu. Ni mtoto wa shangazi yangu Fatumo, dadake Aabo, na Aabo ni abti wake, yaani mjomba, na kwetu abti ni mtu mzito. Guled na Mahat walikuwa timu tofauti lakini dawati moja shuleni. Alipoulizwa nani amerusha jiwe, Guled alisema hajui, alikuwa ameelekea upande mwingine. Watu wakasema walimwona ameshika jiwe. Na nani siku ile hakushika jiwe? Hata yule refa mpole alikuwa nalo mkononi, ila alikuwa amesahau ni la nini. Wakamchukua Guled, na baadaye akashtakiwa kwa mauaji.

Kesi ilipoanza, kama si mtoto wetu aliyekuwa kizimbani, ningelipa kiingilio. Shahidi wa kwanza alimwona Guled akirusha jiwe kwa mkono wa kulia. Wa pili alimwona akirusha nusu ya tofali kwa mkono wa kushoto. Wa tatu alimwona amevaa jezi nyekundu, na kila mtu Galbet anajua Guled alikuwa na jezi ya kijani ya golikipa, tena ya kuazima. Wakili wetu Siyad, kijana mwenye suti moja na bidii nyingi, alipomkaba huyo wa tatu kuhusu jezi, shahidi akajibu kwamba kabla ya kufika kwenye jezi ingefaa korti iamue kwanza kama lile lilikuwa goli.

Ukumbi mzima ukalipuka. Wengine wakapanda juu ya viti kuonyesha kwa mikono mpira ulipita wapi. Jaji, mama wa kutoka bara mwenye miwani ya kamba, akagonga meza na kusema hakuletwa Garissa kuamua goli. Mzee mmoja huko nyuma akauliza kwa mshangao wa kweli, "Basi kesi ni ya nini?"

Wakati huo wazee hawakuwa wamelala. Kwetu mtu akiuawa, ukoo wa anayesemwa ameua hulipa diya, ngamia, na hulipa pamoja, hata mtu wa huko Buna ambaye hajawahi kuuona uso wa mshtakiwa hutoa sehemu yake. Mkono wa nani hasa uliorusha si swali la kwanza. Swali la kwanza ni vijana wangapi zaidi watazikwa wakati tunatafuta jibu. Mzee Ogle, mkubwa wa ukoo wa marehemu babake Guled, akawakusanya watu wake. Aabo akapewa kazi ya kuchagua ngamia, kwa kuwa hakuna anayemzidi. Ngamia wakapelekwa kwa Sagal, akawapokea, fatiha ikasomwa, watu wakakumbatiana. Kwa maoni ya Garissa nzima jambo lilikuwa limekwisha.

Basi wazee wa pande zote mbili wakavaa kofia zao nzuri, wakakodi gari, wakaenda kortini kumchukua Guled. Hawakwenda kuomba, walikwenda kumchukua, na gari waliliacha nje likinguruma. Mzee Ogle akasimama katikati ya ukumbi akamwambia Jaji asante sana kwa kututunzia kijana.

"Mzee, kesi haijaisha," Jaji akasema. "Mlalamishi hapa ni Jamhuri."

Mzee Ogle akawageukia wenzake, wakanong'onezana, akarudi na Kiswahili chake ambacho p hugeuka b.

"Huyo Jamhuri ni mtu ya ukoo gani? Sisi nakaa na yeye leo leo. Kama nataka ngamia, nabewa."

Siyad akainuka mbio kumweleza kwamba Jamhuri ni serikali. Mzee akazidi kushangaa.

"Serikali? Serikali imefiwa na nani? Mama ya Mahat ile bale, amesamehe. Ama ni serikali ilinyonyesha yeye?"

Walirudishwa nje kwa heshima, na dereva akazima gari. Lakini kiongozi wa mashtaka, bwana mmoja mrefu mwenye sauti ya taratibu, alikuwa ameandika kitu, na kesi ilipotajwa tena akasimama na swali lililotukata maini. Kama Guled hana hatia, wale ngamia walilipwa kwa nini? Tangu lini mtu asiye na kosa akalipa? Nikamwona Jaji akiandika pia. Wazee walikwenda kumwokoa kijana kwa ngamia, na sasa ngamia walewale ndio waliokuwa wakishuhudia dhidi yake.

Siku hiyo Aabo alikuja dukani kwangu, akakaa juu ya robota, na hakudai chai. Nikajua kuna jambo.

"Kesi hii inaweza kumfunga," akasema.

"Inaweza? Ni maisha, Aabo. Maisha gerezani kwa kitu ambacho hakufanya."

"Wewe unajuaje hakufanya?"

"Na wewe unajuaje alifanya?"

"Sikusema alifanya."

Nikaweka mkasi chini. Nimelelewa na mtu huyu, njia yake naijua, anakuzunguka kwanza kama anayetafuta kivuli. "Aabo, unamjua aliyerusha jiwe lile?"

"Wewe unadhani ni nani?"

Wallahi nilitaka kumvika buibui nimtoe nje. Lakini nikaanza kutaja. Nikaitaja timu nyekundu yote, nikaitaja ya buluu, nikamtaja refa. Kwa kila jina alitikisa kichwa kidogo tu, kama anayekataa bei. Majina yakaniishia, nikasema kwa hasira, "Basi nimtaje nani, Khalif?" Khalif ni mdogo wake Mahat, mtoto wa pili na wa mwisho wa Sagal. Hakuwa hata mchezaji, alikwenda kumshangilia kaka yake. Nilimtaja kwa sababu hakuna mtu ambaye angemdhania.

Aabo hakutikisa kichwa.

Siku ile, akanieleza, alikuwa nyuma ya goli, ameshika kamba ya ngamia aliyekuwa akimwonyesha mwalimu mmoja mwenye nia ya kununua. Mawe yalipoanza, mwalimu alitoka mbio na nia yake, na Aabo akachutama nyuma ya ngamia. Kutoka chini ya tumbo la mnyama, ambako vumbi halikuwa jingi, aliona yote. Guled alikuwa amezungukwa, anabishana. Khalif akaokota jiwe akamlenga Guled. Wakati uleule Mahat, ambaye hakutaka ugomvi, akamkimbilia Guled kwa nyuma, akamkumbatia ili amtoe pale. Jiwe likampata Mahat. Khalif akabaki amesimama, mkono bado uko juu, anamtazama kaka yake.

Nilikaa sakafuni.

"Na hukusema?"

"Niende nimwambie Sagal kwamba mwanawe mmoja amemuua mwingine?" Kwa mara ya kwanza hakungoja nimjibu. "Alikuwa na wawili tu, Fosia. Nilipima. Nikaona ukoo ulipe, Guled atoke, Sagal abaki na mtoto wake na asijue maisha yake yote. Kila mtu anapoteza kidogo, hakuna anayepoteza vyote. Sijawahi kuunganisha watu vizuri hivyo."

"Na Guled?"

"Sikujua kwamba serikali haina bei," akasema, na machozi yakamwingia kwenye ndevu.

Nilimpigia kelele. Nilimwambia mtoto wa dadake analala kwenye sakafu ya mahabusu, na shangazi Fatumo anapanga foleni langoni na sufuria mpaka amekuwa kama mfanyakazi wa pale. Nikamwambia aende akaseme. Kisha nikamkumbuka Sagal anavyokaa na madumu yake ya maziwa sokoni, Khalif akimbebea, na kelele zikaniisha. Tukabaki tumekaa, yeye juu ya robota na mimi chini. Mteja mmoja akaingia, akatuangalia, akatoka.

Siyad hatukumwambia. Yeye alimwita Aabo kama shahidi wa mila, aje aeleze kwamba kulipa diya si kukiri kosa. Aabo akakubali haraka, kwa kuwa alikuwa na mpango wake. Atawaeleza ngamia vizuri kiasi kwamba Jaji atamwachilia Guled kwa ngamia peke yao, na habari ya Khalif ibaki tumboni mwake mpaka kaburini. Mimi sikuuamini mpango huo, lakini sikuwa na mwingine.

Siku ilipofika alikuwa amepaka hina mpya kwenye ndevu, nyekundu ya kutisha, na kitambaa cha begani kimepigwa pasi. Alipopanda kizimbani, mkalimani wa korti, kijana anayeitwa Dubow, akasogea kando yake. Aabo akamwangalia juu mpaka chini.

"Hii ni ya nini?"

"Ni mkalimani," Jaji akasema. "Wewe utasema Kisomali, naye atanitafsiria."

"Habana. Kati ya mimi na wewe uweke dalali ingine? Dalali ni mimi."

Dubow akarudi kwenye kiti chake amenuna, akakunja mikono. Kisha ukaletwa msahafu, na uso wa Aabo ukabadilika. Babangu huchezea kila kitu isipokuwa msahafu. Akamuuliza karani kwa sauti ya chini kama mtu anaweza kuapa kwa habari ya ngamia tu. Karani akamwambia hapana, kiapo ni cha yote. Aliapa polepole, na pale pale nikajua mpango umetoboka.

Sehemu ya Siyad ilikwenda vizuri. "Ngamia si ya kusema Guled ameua," Aabo akamweleza Jaji. "Ngamia ni ya kusema natosha, watu wasiuane tena. Hata mimi nikigonga mtu na gari, na yeye ndio alilala barabara, ukoo yangu naliba... nalipa," akajirekebisha kwa heshima ya korti. Jaji akatikisa kichwa kwa kuelewa, akaandika mengi. Sagal alikuwa safu ya mbele, Khalif ubavuni mwake, mama amemshika mkono wa shati kama anayeogopa kumpoteza sokoni. Siyad akakaa, anatabasamu. Laiti ingeishia hapo.

Yule bwana mrefu akasimama.

"Mzee, ulikuwa kiwanjani siku hiyo?"

"Nani amesema?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

"Wewe unaona nilikuwa?"

"Mzee Nunow, jibu swali," Jaji akasema.

"Nilikuwa. Kidogo."

"Ulikuwa mbali kiasi gani na marehemu? Kama kutoka hapa hadi lango la nje?"

"Bunguza."

"Hadi mlango wa ukumbi?"

"Ongeza kidogo."

"Hadi kwenye ngazi?"

"Sasa tunasikizana."

Watu walicheka mpaka askari wa mlangoni akageukia ukuta. Jaji akavua miwani. "Mzee, hapa si mnadani."

"Mimi nasaidia yeye tu," Aabo akasema.

Lakini yule bwana hakucheka. Akaja karibu na kizimba, polepole, na picha ya jiwe mkononi. "Mzee, tangu asubuhi unasema Guled hakuua. Husemi unadhani. Unasema hakuua. Mtu wa mila hawezi kujua hilo. Unalijuaje?"

Na hapo babangu akafanya jambo ambalo Garissa haijamaliza kulisimulia. Alitupa kitambaa chake juu ya mkono wa kiongozi wa mashtaka, akaingiza wake chini yake, akamshika vidole. Yule bwana akapiga yowe. Picha ikaanguka. Askari wawili wakaja mbio, hawajui wamkamate nani.

"Unamfanyia nini huyo?" Jaji akasema kwa sauti.

"Namjibu," Aabo akasema.

Baadaye aliniambia alikuwa akimbonyeza kiganja, akimwomba aache, na kwamba mtu mzima na elimu yote ile hakuelewa. Wakati ule tulicheka wote, hata Guled kizimbani kwake, na nilikuwa sijamwona Guled akicheka tangu akamatwe. Jaji akangoja tunyamaze.

"Hapa utajibu kwa mdomo, korti nzima isikie. Na umeapa, mzee."

Aabo akakivuta kitambaa, akajifuta uso nacho. Mzaha ulikuwa umemtoka wote. "Mama ya Mahat atoke nje," akasema. "Tafadhali. Yeye atoke, mimi nasema."

Sagal hakuinuka. Akatikisa kichwa tu kwamba hatoki.

"Jiwe haikutoka kwa Guled," Aabo akasema. "Mahat alikuwa ameshika Guled, nataka kutoa yeye kwa fita. Jiwe ilirushiwa Guled, ikabata Mahat."

"Ilirushwa na nani?"

"Na mkono."

"Mkono wa nani?"

"Ya mtoto."

"Mtoto wa nani, mzee?"

Sijawahi kumwona babangu akikosa pa kwenda. Alimtazama Jaji. Alimtazama Guled, aliyekonda mpaka masikio yakawa makubwa. Alimtazama Sagal. Na hapo, katika safu ya mbele, Khalif akasimama.

Kabla mtu yeyote hajaelewa, Sagal alimvuta shati kwa nguvu, akamwambia jambo kwa Kisomali, kwa haraka, kama mama anavyomkemea mtoto mbele ya wageni. Dubow mkalimani alikuwa amekaa asubuhi nzima bila kazi. Alisikia Kisomali na mazoea yakamshinda, akaruka juu akatafsiri kwa sauti safi iliyofika hadi uani, "Kaa chini! Si nilikwambia usiseme kamwe!"

Kisha akaelewa alichokisema, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Nilimtazama Aabo, na uso ule ambao soko zima halijawahi kuusoma, hata mimi ningeweza kuusoma kutoka nyuma ya ukumbi. Miezi yote ile alikuwa akimficha Sagal kitu ambacho, tulivyokuja kujua, Khalif alikuwa amemwambia mama yake siku ya mazishi. Na Sagal alikuwa akitufichia sisi kitu ambacho babangu alikuwa amekiona kwa macho yake.

Mengine yalikwenda taratibu, kama yanavyokwenda ya serikali. Guled aliachiliwa. Khalif aliandikisha maelezo yake mwenyewe, hakupunguza wala hakuongeza, na kwa kuwa alikuwa bado mtoto siku ile, na jiwe halikukusudiwa kaka yake, mwishowe alipewa kifungo cha nje. Ngamia walirudishwa, na wazee wakabishana muda mrefu juu ya ndama aliyezaliwa katikati ya kesi, kama ni wa diya au ni wa kwao, mpaka ndama mwenyewe akakua wakaona aibu. Habari ya goli haijaamuliwa mpaka leo.

Lakini mchana ule wenyewe hakuna aliyejua yatakwishaje. Khalif alikuwa amepelekwa kituoni, na watu walikuwa wamesimama makundi makundi nje ya korti, wakinong'ona. Shangazi Fatumo alikuwa analia kwa furaha na kuona haya ya furaha yenyewe. Sagal alikuwa amepitia nyumbani, akatokea na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, ya kumpelekea Khalif. Njia ya kituoni inapita pale pale. Aabo akamwendea. Nilimfuata.

"Sagal," akasema, kisha akangoja aulizwe, kama kawaida yake.

Sagal akamtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, macho yamevimba.

"Wewe, Nunow," akasema. "Maisha yako yote umewauzia watu ngamia viwete ukiwaapia ni wazima. Khalif alikuona chini ya ngamia, na kila nikiswali nilikuwa naomba unidanganyie na mimi mara moja. Moja tu. Halafu nikitoka namkuta Fatumo anapita na sufuria yake, anakwenda gerezani, na ninarudi kwenye mkeka wa kuswalia kuomba Mungu asinisikilize."

Aabo hakumuuliza yeye anaonaje. Alilia waziwazi, mbele ya watu, na hina yake yote ile. Sagal akavuta pumzi, akampa chupa ya chai aibebe, na wakaenda kituoni pamoja.